UZI: Kijapani cha mwanzo chuoni hapa Nairobi, tukiingilie kwa mlango wa Kiswahili

Kijana_wa_Ngara (mwanzisha uzi)

Wadau, kila semista ikifunguliwa naulizwa swali moja na wanafunzi wanaotafuta yuniti ya lugha: Kijapani kinawezekana, au kitaniharibia alama bure? Nimeona nifungue uzi nijibu kwa kirefu, na waliosomea USIU, Kenyatta University, Utalii College au kwingineko waongeze yao.

Kinawezekana. Tena sisi tuliokua na Kiswahili mdomoni tuna mtaji ambao darasani haugusiwi. Madarasa mengi ya mwanzo hapa mjini hufundishwa kwa Kiingereza, kwa maelezo yaliyoandikiwa watu wanaofikiri kwa Kiingereza. Mwanafunzi anaandikiwa Kijapani kwa herufi za Kirumi, anakisoma kwa matamshi ya Kizungu, halafu anaambiwa lugha ni ngumu. Mpe maneno yale yale ayasome kama anavyosoma Taifa Leo, uone.

Irabu ni zetu zile tano, a, e, i, o, u, na sauti zake ziko karibu sana na za kwetu. Silabi karibu zote huishia kwa irabu: sakana ni samaki, tamago ni yai, kuruma ni gari. Hata ile n inayosimama peke yake, tunayo tangu utotoni. Tunasema n-chi, n-ne, m-tu, na hakuna anayetuuliza irabu imeenda wapi. Basi ho-n, yaani kitabu, ni mapigo mawili kama nchi ilivyo mapigo mawili.

Kuna mahali ulimi wetu unahitaji kunyooshwa, nami nataja mapema ili mtu asije akashtukia kwenye mtihani wa mdomo. Kwanza ni urefu wa irabu. Obasan ni shangazi au mama wa makamo, obaasan ni bibi. Ukifupisha umebadilisha mtu. Pili ni konsonanti inayoshikiliwa: kite ni njoo, kitte ni stempu, na kati yake kuna kimya kifupi ambacho lazima ukipe muda wake kamili. Tatu, na hili ndilo linalotutambulisha, ni mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kila neno, bila kufikiri. Ukileta desturi hiyo kwenye Kijapani utasema sayoNAra kwa nguvu kama unayeita mtu ng'ambo ya barabara. Kijapani hakikazi hivyo. Kinapandisha na kushusha sauti, huku kila pigo likipata muda sawa.

Nitaendelea na maandishi jioni. Ulizeni.

Binti_wa_Rongai

Asante kwa uzi huu. Mimi niko mwaka wa pili, nasomea biashara, Kijapani ni yuniti ya hiari. Sensei, yaani mwalimu wetu, ametupa wiki mbili tumalize hiragana, seti ya kwanza ya herufi za Kijapani, halafu katakana, seti ya pili, inafuata mara moja. Herufi 46 na nyingine 46! Nauliza kwa nia njema, si tungeendelea na herufi za kawaida hadi tuzoee lugha kwanza?

Kijana_wa_Ngara

Dada, mshukuru sana sensei wako. Wiki mbili zinatosha, na kila siku unayoongeza kwenye herufi za Kirumi utailipa baadaye. Kitabu kama Minna no Nihongo hakikungoji: maandishi ya kitabu kikuu ni Kijapani chenyewe, na maelezo ya sarufi yako katika kitabu kingine kando. Asiyejua hiragana hafiki hata ukurasa wa salamu.

Ingia duka lolote la vitabu mjini, nunua daftari la mraba, lile la hesabu la watoto wa shule ya msingi. Wajapani wenyewe hujifunza ndani ya miraba, kila herufi chumba chake. Chukua penseli, kalamu iache kwanza. Andika き. Mistari miwili ya kulala, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha mmoja unaokatiza ukishuka kulia, kisha kikombe cha chini kinachobaki mbali kidogo na ule mstari. Sasa fungua simu uitazame き iliyochapishwa: katika fonti nyingi kile kikombe kimeunganishwa na mstari. Herufi ni moja. Wengi hupotelea hapo, wakidhani wamefundishwa vibaya. Vivyo hivyo kwa さ.

Andika huku unatamka kwa sauti. Na usiandike herufi moja ukurasa mzima, mkono utazoea kabla kichwa hakijajua. Andika maneno: sakana, tamago, kuruma. Zile zinazofanana ziweke jirani makusudi, は na ほ, ぬ na め, れ na ね na わ, mpaka jicho lizitofautishe lenyewe.

Katakana ndiyo inayowatoa watu jasho, hasa シ (shi) na ツ (tsu). Tazama vile vijistari viwili vidogo. Kwenye シ vimepangana kimoja juu ya kingine upande wa kushoto, na mkono unamalizia ukipanda. Kwenye ツ vimesimama bega kwa bega juu, na mkono unamalizia ukishuka. Basi.

Na hapa ndipo Mswahili anapopata raha, kwa sababu katakana ni maandishi ya maneno yaliyotoka nje, na Kijapani huyavalisha maneno ya kigeni irabu kama tunavyoyavalisha sisi. Sisi tunasema basi, wao basu. Sisi hoteli, wao hoteru. Shati, shatsu. Redio, rajio. Keki, keeki. Supu, suupu. Mwingereza husikia basu akaona neno lake limeharibiwa. Sisi tunajua kabisa kilichotokea, maana tumelifanya neno hilo hilo vivyo hivyo.

Andika jina lako kwa katakana usiku huu. Kamau ni カマウ, Wanjiru ni ワンジル. Hilo la mwisho Wajapani wengi walilijua vizuri: Samuel Wanjiru alikwenda huko akiwa kijana mdogo, akasoma sekondari Sendai, akakisema Kijapani, halafu akashinda marathoni ya Olimpiki Beijing 2008 kwa saa 2:06:32. Kabla yake alikuwepo Douglas Wakiihuri, aliyefanyia mazoezi Japani na kuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1987. Njia hii imepitiwa na watu wetu zamani.

Dereva_wa_Mara

Niongezee kutoka kazini. Mimi ni dereva wa watalii, Kijapani nilikianza darasani hapa Nairobi, sasa nakitumia kila msimu wageni wakija. Kitu ambacho wanafunzi wanakilalamikia kuliko vyote ni kuhesabu, na mimi nasema sisi ndio tunaofaa kukipenda.

Kijapani hakisemi tatu tu. Lazima uonyeshe unahesabu kitu cha aina gani. Kalamu, miti na chupa, vitu virefu, ni ippon, nihon, sanbon. Karatasi na mashati, vitu bapa, ni ichimai, nimai, sanmai. Vitabu ni issatsu, nisatsu, sansatsu. Magari ni ichidai, nidai, sandai. Watu ni hitori, futari, halafu sannin. Wanyama wadogo kama paka ni ippiki, nihiki, sanbiki. Wakubwa kama simba na tembo ni ittoo, nitoo, santoo. Ndege ni ichiwa, niwa, sanwa.

Nikimwambia mgeni "raion ga santoo imasu", simba watatu wale pale, uso wake hubadilika. Anasikia kwamba nimewapa simba hesabu yao.

Sasa Mkenya aliyesoma ngeli shuleni atashangaa nini? Sisi tunasema watu watatu, vitabu vitatu, miti mitatu. Namba inatii kitu. Tofauti ni kwamba kwetu kiambishi kinakaa mbele ya namba, kwao kinakuja nyuma. Zile sauti zinazobadilika, hon, pon, bon, zijifunze kwa kuimba hadi kumi, usitafute kanuni kwanza.

Kijana_wa_Ngara

Dereva, umenena, nami naongezea juu ya hilo imasu lako. Kijapani kina vitenzi viwili vya kuwepo. Imasu ni kwa watu na wanyama, arimasu ni kwa vitu. Wanafunzi huuliza: na miti je, si ina uhai? Miti ni arimasu. Tazama Kiswahili: simba yupo, mtu yupo, lakini mti upo, hauko katika ngeli ya A-WA. Lugha mbili zilizozaliwa mbali hivi zimechora mpaka mahali pale pale, kati ya kinachojiendea na kilichosimama. Ningependa sana walimu wa mwanzo walitaje hili siku ya kwanza wanapofundisha imasu na arimasu.

Hesabu_Tu

Naheshimu uzi lakini mnawapaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa. Matamshi sawa, nakubali. Sarufi je? Kitenzi kiko mwisho kabisa, vijineno wa na ga havieleweki mpaka leo, na kanji, zile alama zilizotoka Kichina, ni maelfu. Nilisoma semista mbili na sioni Kiswahili kilinisaidia wapi.

Kijana_wa_Ngara

Ndugu, hoja zako ni za kweli na zinastahili kujibiwa moja moja.

Kitenzi mwishoni ni kazi, hakuna njia ya mkato. "Watashi wa toshokan de hon o yomimasu": mimi, maktabani, kitabu, nasoma. Lazima ungoje hadi mwisho ujue mtu anasoma, hasomi au alisoma. Mazoezi pekee ndiyo yanayosaidia, na nashauri uanze kusikiliza mwisho wa sentensi kabla ya mwanzo wake.

Lakini kitenzi chenyewe kikoje? Tabemasu, nala. Tabemasen, sili. Tabemashita, nilikula. Tabemasen deshita, sikula. Hakibadiliki kwa mimi, wewe wala wao. Na ukisonga mbele, tabesaseru ni kulisha, taberareru ni kuliwa. Shina moja, vipande vinaongezwa nyuma. Mtu aliyekua akisema pika, pikia, pikisha, pikwa, pikiana hana haja ya kuogopa shina linalobebeshwa mzigo. Anayetoka kwenye Kiingereza ndiye anayeona ajabu.

Kuhusu wa: achana na tafsiri za kitabu, sikiliza watu wanavyoongea kwenye matatu. "Huyu samaki, nimemnunua Gikomba." "Mama yake, anafanya kazi Thika." Unaweka jambo mezani kwanza, kisha unalisemea. Wa hufanya kazi hiyo hiyo ya kuweka jambo mezani. Ga humtaja hasa mwenye tendo, kama mtu ameuliza nani. Nani alikuja? Tanaka-san ga kimashita. Na de mara nyingi ni kwa yetu: basu de, kwa basi. Si kila mara, kwa sababu de pia huonyesha mahali tendo linapofanyika, kama hapo juu maktabani, lakini mwanzo unapata pa kushika.

Kanji sasa. Orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ina kanji 2,136 tangu mwaka 2010. Hakuna darasa la mwanzo linalokudai hizo. Kwa N5, kiwango cha chini cha JLPT, ule mtihani wa kimataifa wa Kijapani, watu hujiandaa na takriban mia moja. Ugumu wa kweli hauko kwenye idadi. Uko kwenye kusoma, kwamba alama moja ina sauti kadhaa. Tazama 日曜日, Jumapili, nichiyoobi: 日 ya kwanza ni nichi, 日 ya mwisho ni bi, ndani ya neno moja. Ndiyo maana napinga kabisa desturi ya kukariri kanji pweke na orodha ya sauti zake pembeni. Jifunze neno zima. 日本語 ni Kijapani, スワヒリ語 ni Kiswahili, na tayari 語 umeijua bila kuikariri. Weka maneno hayo kwenye Anki, programu ya kadi za kukariri. Kwenye simu za Android programu yake, AnkiDroid, ni ya bure, na itakurudishia kila neno pale unapokaribia kulisahau.

Binti_wa_Rongai

Swali jingine, saa. Darasani kwetu tukiulizwa saa kila mtu anababaika.

Kijana_wa_Ngara

Hapa ndipo Kiswahili lazima kikae kando kidogo. Kijapani huhesabu saa kama Kiingereza. Saa mbili asubuhi ni hachi-ji, nane. Sensei akionyesha saa ya ukutani na kuuliza "Ima nan-ji desu ka?", kichwa chetu hutoa mbili kwanza, na ukitafsiri unasema ni-ji, ambayo ni saa nane yetu. Soma namba ambayo akrabu imeelekea, usitafsiri chochote. Halafu kariri tatu zinazojitenga, kwa namba za saa ya ukutani: 4 ni yo-ji, 7 ni shichi-ji, 9 ni ku-ji.

Na kuna jambo linalonifurahisha kila nikilifikiria. Tokyo iko mbele ya Nairobi kwa saa sita, na saa ya Kiswahili inapishana na ya Kizungu kwa sita. Kwa hiyo Nairobi ikiwa saa moja asubuhi, Tokyo ni ichi-ji, saa moja kwa hesabu yao, adhuhuri imepita. Saa tatu yetu ya asubuhi ni san-ji yao ya alasiri. Nchi zote mbili hazisogezi saa kwa majira, kwa hiyo ni hivyo mwaka mzima. Ukitaka kujua Tokyo ni saa ngapi, jiulize kwa Kiswahili Nairobi ni saa ngapi.

Mwana_wa_Ramogi

Mkuu, nirudi kwa sauti uliyoigusa mwanzo. Sisi wenye Dholuo nyumbani tuna kupanda na kushuka kwa sauti, na Wakikuyu pia. Nilipofundishwa kwamba ame ikianzia juu ni mvua, ikianzia chini ni peremende, na hashi vivyo hivyo, vijiti vya kulia au daraja, wenzangu waliozoea Kiswahili na Kiingereza pekee hawakuisikia tofauti. Mimi niliisikia mara moja. Kwa hiyo nasema mtaji si Kiswahili tu, ni lugha zote za nyumbani. Tatizo ni kwamba tukiingia darasani tunaziacha nje ya mlango.

Kijana_wa_Ngara

Ndugu yangu, nakubaliana nawe moja kwa moja. Na r ya Kijapani, ile ya kugusa mara moja tu kwa ncha ya ulimi, iko karibu sana na r ya Kikuyu. Kijapani hakina l kabisa.

Mzazi_Kayole

Hamjambo wanangu. Nimesoma yote. Binti yangu amechukua hicho Kijapani na mimi ndiye nalipa karo. Mniambie ukweli, kuna kazi mbele? Kuna mtu mtaani anasema akilipwa atampeleka Japani.

Kijana_wa_Ngara

Hatujambo, mzazi wetu. Asante kwa kuuliza waziwazi.

Yuniti moja ya mwanzo haimpi mtu kazi. Inampa msingi wa N5, na ngazi za JLPT hupanda kutoka N5 hadi N1. Tangu Aprili 2019 Japani ina viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, na kwa kawaida lugha inayotakiwa ni N4 au mtihani uitwao JFT-Basic, pamoja na mtihani wa kazi yenyewe. Kwa uuguzaji wa wazee kuna mtihani mwingine wa lugha juu ya hayo. Kwa hiyo anayesema atampeleka bila kumuuliza cheti cha lugha, mzazi wangu, shika pesa zako.

Kwa masomo, kuna ufadhili wa serikali ya Japani, wa MEXT, wizara yao ya elimu. Maombi hupitia ubalozi wao, Mara Road, Upper Hill, na fomu hazinunuliwi kwa wakala. Binti akienda huko, aulizie pia kituo chao cha habari na utamaduni. Uhusiano wenyewe ni wa muda mrefu: chuo cha JKUAT cha Juja kilianzishwa 1981 kwa msaada wa Japani, na mwaka 2016 mkutano wa TICAD, wa Japani na nchi za Afrika, ulifanyika hapa hapa Nairobi, mara ya kwanza kufanyika Afrika.

Mimi binafsi ningemwacha aendelee. Lugha ikimwingia vizuri mwaka huu, atajua mwenyewe kama anataka kupanda ngazi.

Mzazi_Kayole

Nimeelewa, mwanangu. Ubarikiwe. Huyo wa mtaani nitamuuliza habari ya cheti.

Binti_wa_Rongai

Na mtihani wa N5 wenyewe? Sensei ametaja Desemba. Na mtu wa Rongai atasikia Kijapani wapi, zaidi ya darasani?

Kijana_wa_Ngara

JLPT hapa Nairobi hufanyika Desemba, na usajili hufungwa mapema, kwa hiyo usingoje mpaka mitihani ya chuo iishe ndipo uanze kuulizia. N5 ina alama 180 na unapita kwa 80. Lakini kuna sharti ambalo wengi hawalioni: upate angalau 38 kati ya 120 za msamiati, sarufi na kusoma, na angalau 19 kati ya 60 za kusikiliza. Ukiwa mkali wa kanji na masikio yamelala, unaanguka hata jumla ikitosha. Maswali yote ni ya kuchagua jibu. Hakuna kuongea wala kuandika, kwa hiyo hayo mawili yafanyie darasani kwa bidii, kwa kuwa cheti hakitakusukuma.

Kwa kusikiliza, NHK WORLD-JAPAN, idhaa ya kimataifa ya Japani, ina masomo ya Kijapani yaliyoelezwa kwa Kiswahili, kwenye tovuti yao. Irodori, kitabu cha Japan Foundation, nacho kinapakuliwa bure, pamoja na sauti zake.

Na usipuuze magari ya mtumba ya Japani yaliyojaa mjini. Ukipanda teksi ambayo kifaa chake cha kutoka Japani hakijaondolewa, dereva akiwasha injini utasikia mama mmoja akisema "ETC kaado ga soonyuu sarete imasen". Nusu ya Nairobi imesikia sentensi hiyo bila kuijua. ETC ni mfumo wao wa kulipia barabara, na gari linalalamika kwamba kadi haijaingizwa. Kaado ni kadi, ga umeshaisoma, na ile -masen ya mwisho ni ile ile ya tabemasen. Sare ndiyo alama ya kutendwa, kama w yetu katika kuingizwa. Hiyo haimo kwenye yuniti yako ya kwanza, lakini sikio limeshaipata, na mwalimu atakapoifikia utakuwa na mfano wako tayari.